Waliojifunza Kinanda Wakiwa Watu Wazima

Methali ya "Samaki mkunje angali mbichi" kila mtu aijua. Hapa Kavimvira, ambako ndagala huanikwa karibu na ziwa, haina haja ya kufafanuliwa: samaki akisha kauka, ukimkunja huvunjika. Wazazi huitumia kwa ajili ya watoto, nao wana haki. Lakini siku hizi ni vijana wenyewe wanaoitumia, tena kama kisingizio. Kijana wa miaka ishirini na mitatu akialikwa na kwaya ajifunze kinanda, hujibu kwamba yeye amekwisha kauka. Binti aliyetamani gitaa tangu utoto husema, "Sasa ni zamu ya wadogo zangu." Na kinanda cha parokia hukaa chini ya kitambaa chake, kikimngoja mtu mmoja ambaye akihama mji, Misa inabaki bila mpigaji.

Basi tuulize historia ya pwani yetu. Je, wazee wetu walijifunza vyombo vya muziki wakiwa watoto tu? Nionavyo mimi, jibu ni hapana.

Mwezi wa Aprili 1858 Wazungu wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Burton alilalamika katika kitabu chake juu ya makelele ya safari hiyo: mbele ya mtumbwi watu walipiga ngoma na kupuliza pembe bila kupumzika, na wapiga kasia wakaitikia kwa nyimbo. Yeye aliona udhia. Sisi tunajifunza humo kwamba ziwa letu lilikuwa na wapigaji wake kabla ya misioni yo yote kujengwa. Tena kazi ya kasia ni ya watu wenye nguvu, na muziki wa kazi hufundishwa kazini.

Ni kweli, viko vyombo vilivyorithishwa nyumbani. Ng'ambo ya Rusizi, katika Burundi, ngoma kubwa za mwami zilikuwa amana ya jamaa fulani, baba akimwachia mwana. Iko pia inanga, ubao mrefu uliochimbwa kama sinia, wenye uzi mmoja unaopitishwa huku na huku mpaka ukawa nyuzi saba au nane. Sauti yake ni ndogo, ndiyo maana mwimbaji hunong'ona badala ya kupaza sauti. Chombo cha namna hiyo kinapendeza kuanzwa mapema, kando ya mzee. Hapo methali ya samaki naikubali.

Lakini likembe lilikuja kwa njia nyingine. Wataalamu waliofuata habari zake, kama Gerhard Kubik wa Austria, wanaonyesha kwamba lilitoka upande wa chini wa mto Kongo, likapanda mto na kuenea kaskazini na mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Nani alilichukua? Wapagazi, mabaharia wa mashua za mtoni, askari, vibarua. Hao walikuwa vijana walioacha kwao kutafuta kazi au kulazimishwa kazi. Likembe ni kisanduku kidogo cha mti chenye ndimi za chuma juu yake. Linaingia mfukoni, halihitaji umeme wala jamaa ya kifalme. Ndimi zake zaweza kufuliwa kwa msumari au kwa waya wa mwavuli. Mwenye kuanza huweka vidole gumba viwili tu, kimoja kulia, kimoja kushoto, na jioni kando ya moto humtazama mwenziwe anavyofanya. Akisha zoea, hujifunza kuziba na kuzibua tundu la kisanduku kwa kidole, na sauti hutetemeka kama sauti ya mtu. Hivyo ndivyo chombo kilivyovuka Kongo nzima na kuingia nchi za Maziwa Makuu, na Warundi wakakiita ikembe. Kwa sehemu kubwa kilibebwa na watu wazima waliojifunza ukubwani.

Kisha ikaja harmoniamu, kile kinanda cha mivukuto kinachosukumwa kwa miguu. Mapadri Weupe walifika Ujiji Januari 1879, na mwaka 1885 walipokea kituo cha Mpala, upande wetu wa ziwa, kusini. Huko Mpala ndiko alikozaliwa, mwaka 1912, Joseph Kiwele, mtunzi wa muziki aliyejulikana baadaye katika Katanga nzima. Kiwele alifundishwa seminarini tangu ujana wake. Wengi hawakupata bahati hiyo. Mwalimu wa shule au katekista alikikuta chombo misioni akiwa na mke na watoto, akaambiwa: tusaidie Dominika. Miguu ivukute, mkono wa kuume ushike wimbo, wa kushoto utafute sauti ya chini, na macho yasome kitabu. Anayeanza huona kama amepewa kazi nne za watu wanne. Na chombo chenyewe kina maadui wake: unyevu wa ziwa huvimbisha mbao, panya hutafuna ngozi ya mivukuto. Asiyejua kukitengeneza hawezi kukipiga kwa muda mrefu.

Hata ufundi wa kusoma nota una habari ya mwanafunzi mtu mzima. Karibu mwaka 1030 mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, alitunga njia ya kuandika nyimbo juu ya mistari, akazipa sauti majina kutoka katika utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Kabla yake mwimbaji alihitaji miaka kumi kushika nyimbo za Kanisa kwa kusikia tu. Guido alidai kwamba kwa njia yake mwaka mmoja ungetosha, au miwili kwa mwenye kuchelewa. Papa Yohane wa 19 alimwita Roma. Guido mwenyewe anaeleza katika barua kwamba Papa alikigeuza-geuza kitabu chake, wala hakuondoka mahali pake mpaka ameimba mstari ambao hakuwahi kuusikia. Baba Mtakatifu hakuona haya kuwa mwanafunzi mbele ya mtawa.

Haya ndiyo kizuizi kikubwa kuliko vidole vigumu. Mtoto akikosea, watu husema "anajifunza." Mtu mwenye ndevu akikosea, watoto hucheka nyuma ya dirisha. Mwanafalsafa Mgiriki Sokrates alipojifunza kinubi ukubwani, wavulana waliosoma naye walimcheka yeye pamoja na mwalimu wake. Kumbe kicheko hicho ni cha zamani sana.

Wapiga ngoma nao walipata kuwa wanafunzi upya, na habari yao yafaa kukumbukwa. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pius wa 10 alikataza kanisani piano, ngoma na vyombo vingine vya makelele. Alifikiria hasa makanisa ya Ulaya, ambako muziki wa michezo ya jukwaani ulikuwa umeingia mpaka altareni. Lakini huku kwetu neno hilo lilimwacha nje mtu aliyekuwa fundi kuliko wote. Mwaka 1958, huko Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko, pamoja na kwaya yake walitoa Missa Luba, Misa ya Kilatini yenye sauti na ngoma za Kikongo. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulitamka kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake, na vyombo vinavyofaa vikubaliwe. Na mwaka 1988 Roma ilithibitisha Misale ya majimbo ya Zaire. Basi mpiga ngoma wa makamo aliingia kanisani na ngoma yake, na ilimbidi ajifunze yale asiyoyajua: kupiga chini ya sauti ya waimbaji, kusubiri Padri amalize, kunyamaza wakati wa kimya. Mikono yake ilikuwa stadi, lakini mahali palikuwa pageni.

Katika Uvira iko sababu nyingine ya kuanza kwa kuchelewa, nayo si uvivu. Jimbo letu liliundwa mwaka 1962, na miaka miwili baadaye uasi ukafunga misioni. Tarehe 28 Novemba 1964 Wasaveri watatu na Abbé Albert Joubert waliuawa Baraka na Fizi, wale waliotangazwa Wenye Heri hapa Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Oktoba 1996 vita iliingia mjini, ikarudi mwaka 1998, na wengi wakavuka ziwa mpaka kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Aprili 2020 mto Mulongwe ulibomoa nyumba nyingi. Chombo huachwa, mwalimu hutawanyika na wanafunzi wake. Kwa mtoto aliyekua akikimbia, umri wa kujifunza ulipita bila yeye kuuona. Kumwambia mtu huyo habari ya samaki mbichi ni kumdai deni ambalo hakulikopa.

Tazameni waliyofanya wenzetu wa Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka hapa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amekosa kazi, alianzisha okestra ya Kanisa la Kimbangu. Watu wake karibu wote walikuwa hawajapata kushika fidla, tena fidla zenyewe zilikuwa chache. Mmoja alipiga kwa dakika ishirini hivi, akampa mwenziwe. Uzi ulipokatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Hawakuwa watoto, walikuwa watu wenye kazi za mchana, waliokuja mazoezini jioni. Mwaka 2010 filamu juu yao ilionyesha ulimwenguni jinsi walivyopiga simfonia ya 9 ya Beethoven.

Sisemi kwamba mtu mzima hujifunza sawasawa na mtoto. Masikio ya mtoto hunasa upesi, na vidole vyake hutii bila kuuliza. Lakini kijana wa kwaya ana akiba ambayo mtoto hana: nyimbo mia anazijua kwa moyo, na sikio lake humwambia mara moja alipokosea. Kwa hiyo aanze na wimbo anaoujua, si na kitabu kigeni. Mkono wa kuume peke yake kwa majuma kadhaa, halafu wa kushoto peke yake, ndipo yote miwili, polepole kuliko apendavyo. Robo saa kila siku inashinda saa mbili za Jumamosi. Asiye na kinanda nyumbani, au aliyekatikiwa umeme, na achore vibao vyeupe na vyeusi kwa makaa juu ya ubao, kwa kipimo kilekile, azoeze vidole huku akiimba sauti mwenyewe. Halafu kiongozi wa kwaya ampe wimbo mmoja tu wa Komunyo, siku ya Misa ya kwanza asubuhi, waimbaji wakipunguza mwendo wamngojee.