Begi la Babu Nyuma ya Mlango

Tangu niache chuo nirudi Soy, kila mtu ananiuliza, "Lakini uko sawa?" Babu hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na yeye ndiye amehama kuliko sisi wote.

Alitoka Maragoli miaka ya hamsini, kijana tu, akaja kuvuna mahindi kwa mzungu hapa Soy. Mzungu naye alikuwa mhamiaji: Makaburu walifika Uasin Gishu na magari ya ng'ombe mwaka wa 1908. Tofauti ni kwamba mzungu alipewa ardhi, babu akapewa masharti. Tangu 1918, sheria ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndio akubaliwe kuishi shambani. Na kwa miaka mingi wanaume Waafrika walilazimika kutembea na kipande.

Sasa skia hii. Mwaka wa 1947 daktari J.C. Carothers, msimamizi wa hospitali ya Mathari, alichapisha hesabu zake: Waafrika waliofanya kazi mbali na kwao waliugua akili zaidi ya waliobaki nyumbani. Jibu lilikuwa mbele yake. Lakini 1953, kwenye kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, akasema shida ni kwamba Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo. Yaani kosa likawa kichwa chetu. Kipande na familia zilizotenganishwa, kimya.

Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa watu wakiwa ndani. Maelfu wakahamia uwanja wa maonyesho. Nilikuwa na miaka minne. Kwetu hakuna aliyeguswa, lakini babu alipanga begi: kitambulisho, hati ya shamba, blanketi. Liko nyuma ya mlango mpaka leo. Kila uchaguzi ukikaribia, analifungua kuangalia kama hati bado iko.

Nyumbani tunaita hizo "tabia za wazee" na tunacheka. Mimi nimeacha kucheka. Kusema babu ana kichwa kibovu ni kurudia kosa la Carothers. Hofu yake ina sababu, na sababu zina tarehe.

Wiki jana nikamuuliza, "Babu, huwa unalala kweli?"

Akanyamaza, kisha akasema, "Mvua ikinyesha nalala. Kukiwa kimya, nasikiliza."

Tuliongea mpaka saa sita usiku. Begi bado liko pale, sijamwambia alitoe. Na wewe, wako umewahi kumuuliza?