Jina la mkopeshaji kwenye rehani ya shamba na namna ya kulibadilisha

Mkulima wa miwa wa Kabras, Kaunti ya Kakamega, aliyeweka rehani shamba na boma lake huenda akagundua, miaka kadhaa baadaye, kwamba benki iliyotajwa katika hati zake haipo tena kwa jina lile. Savings and Loan, kampuni tanzu ya KCB iliyokopesha fedha za nyumba, ilijumuishwa katika KCB mwaka wa 2010. NIC na Commercial Bank of Africa ziliungana mwaka wa 2019 zikawa NCBA, nayo Barclays Bank of Kenya ikageuka Absa Bank Kenya mwaka wa 2020. Mabadiliko hayo hayakufuta deni la mtu yeyote, wala rehani.

Rehani huandikwa katika sajili ya ardhi, sehemu ya tatu, inayohusu vizuizi. Sajili ndiyo yenye nguvu kisheria. Kukata jina la benki kwa kalamu katika nakala iliyo nyumbani hakubadilishi lolote, na kwaweza kuzua tuhuma za kughushi.

Ni lazima kwanza kujua kilichotokea. Iwapo benki ilibadili jina tu, kampuni ni ile ile, na ushahidi ni cheti cha kubadili jina kutoka kwa Msajili wa Makampuni. Iwapo ziliungana, huhitajika idhini ya Waziri wa Fedha chini ya Sheria ya Benki, pamoja na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Njia ya tatu ni kuhamishwa kwa rehani. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 86, humruhusu mkopaji kuomba kwa maandishi kwamba rehani yake ihamishiwe mkopeshaji mwingine, na hati ya uhamisho husajiliwa. Wengi huchanganya hii ya tatu na zile mbili za kwanza, kisha wakadaiwa ada wasizostahili kulipa.

Taabu yenyewe hujitokeza mkopo unapokwisha. Hati ya kuondoa rehani hutiwa saini na benki ya sasa, ilhali sajili yataja ya zamani, naye Msajili wa Ardhi hutaka karatasi zinazounganisha majina hayo mawili. Mzazi akifariki kabla ya jambo hili kutekelezwa, warithi hushindwa kugawa au kuuza shamba lililokwisha kulipiwa. Ndiyo sababu mkopaji afaa kudai hati hiyo pindi anapolipa shilingi ya mwisho, aipeleke isajiliwe, kisha aombe taarifa rasmi ya sajili ili ahakikishe kizuizi kimeondolewa. Hatimiliki kurudishwa mkononi pekee hakutoshi.

Anayekopa zaidi kwa mkopeshaji mpya akumbuke kwamba shamba la kilimo huhitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na boma la ndoa huhitaji idhini ya mume au mke.

Aidha, ujumbe wa simu usemao akaunti ya kulipia mkopo imebadilika usifuatwe kamwe kabla ya mkopaji kufika mwenyewe katika tawi la benki yake na kupewa barua. Malipo yaliyokwenda kwa walaghai hayapunguzi deni, na kifungu cha 90 humpa mkopeshaji haki ya kutoa ilani mkopaji anapokosa kulipa kwa mwezi mmoja.