Kuutafuta Wimbo: Daftari, Nambari na Tovuti katika Nchi ya Mpanda

Mpanda ni mji wa reli na madini. Njia ya garimoshi kutoka Kaliua ilifika huko mwaka 1950, kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa Mukwamba. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki na mji ulibaki, na mwaka 2012 Mpanda ukawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Historia ya nchi hiyo husimuliwa zaidi kwa habari za mgodi, za mbuga ya wanyama, na za ngome ya Karema. Ni nadra kutajwa namna watu wa huko walivyoziandika nyimbo zao na kuzipanga ili zionekane tena zinapohitajiwa. Maana kuandika ni nusu ya kazi. Wimbo usioweza kupatikana asubuhi ya Jumapili, kwaya ikiwa imekwisha simama, hautofautiani sana na wimbo ambao haukuandikwa kamwe.

Habari hii yapasa kuanza Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 ilikabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885, na miaka michache baadaye akaja Adrien Atiman, tabibu na katekista mzaliwa wa Sudani ya Magharibi, aliyekaa huko hata kufa kwake mwaka 1956. Katika miaka hiyo yote Misa iliimbwa kwa Kilatini. Vitabu vya Kilatini vilipanga nyimbo kwa siku za mwaka wa Kanisa, na kila wimbo ulijulikana kwa neno lake la kwanza, hata Jumapili nyingine zikapewa majina kwa maneno hayo, kama Gaudete na Laetare. Basi mwenye kutafuta wimbo hakuanza na jina la mtunzi wala na tuni. Alianza na siku. Desturi hiyo haikufa Kilatini kilipoachwa. Stephen Mbunga alikwisha tunga Misa Baba Yetu mwaka 1959, na baada ya Mtaguso wa Vatikano kutoa ruhusa mwaka 1963 kwaya za Kiswahili zilizidi upesi kuliko vitabu vilivyoweza kuchapwa. Jimbo la Karema, lililosimikwa mwaka 1953, likahamishia makao yake Sumbawanga mwaka 1969, na Mpanda ikapata jimbo lake mwaka 2000; lakini ukimwuliza mwimbaji anatafuta wimbo gani, atakujibu hata leo kwa siku na kwa mahali pake katika ibada: wa mwanzo, wa matoleo, wa komunio, wa shukrani.

Chombo kilichoziwezesha kwaya hizo kuandika kilitoka mbali. Katika karne ya 19 Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, alibuni njia ya kuandika muziki kwa herufi tupu, na mchungaji John Curwen akaieneza tangu mwaka 1841 kwa jina la tonik solfa. Sauti saba huandikwa d, r, m, f, s, l, t. Na ile ya saba ilibadilishwa jina kutoka si, kusudi herufi s isigombaniwe na sauti mbili. Mapigo hutengwa kwa nukta mbili na vistari. Hapakuhitajiwa karatasi yenye mistari mitano wala mtambo wa chapa wa muziki: daftari la shule na kalamu vilitosha, na mashine ya taipu ilitosha zaidi. Njia hii ilichukuliwa na wamisionari Afrika Kusini na Afrika Mashariki. Tuni ya Wimbo wa Taifa wa Tanzania, aliyoitunga mwalimu Enoch Sontonga karibu na Johannesburg mwaka 1897, iliandikwa kwa solfa hiyo hiyo.

Urahisi wa daftari ndio uliokuwa pia udhaifu wake. Daftari la kwaya lilikuwa mali ya mwalimu wa kwaya, naye mara nyingi alikuwa mtumishi wa serikali, mwalimu wa shule au mtu wa reli. Akihamishwa, nyimbo huondoka naye katika sanduku lake. Waliobaki huziimba kwa kukumbuka, na sauti ya nne, yaani besi, ndiyo hupotea kwanza. Tena, nakala hufanywa kutoka nakala. Mnakili aliye na haraka huandika maneno na nota, akaacha jina lililo pembeni juu ya ukurasa; na mnakili wa pili, asipoona jina, huandika kwamba mtunzi hajulikani, ingawa mtunzi yu hai na pengine yu katika parokia jirani. Hasara hii si ya sifa tu. Zaburi moja imetungiwa tuni na watu wengi, na maneno ya mwanzo ni yale yale. Bila jina la John Mgandu, au la Joseph Makoye, au la mwingine, kwaya mbili zilizoagizwa kuimba wimbo mmoja zaweza kukutana kwenye sherehe na nyimbo mbili. Na wala nambari ya zaburi haisaidii sana, kwa sababu vitabu vya kale vya Kikatoliki huhesabu ya 22 ile ambayo wengine huihesabu ya 23.

Waprotestanti waliyapunguza mashaka haya kwa kitabu kilichochapwa. Mwenye Tenzi za Rohoni hutaja nambari, na kanisa zima likafungua ukurasa kwa wakati mmoja. Hakuna njia iliyo ya haraka kuliko hiyo, lakini nambari ni ya kitabu kimoja tu.

Inabaki njia ya alfabeti, ambayo mjenzi wa tovuti huielekea kwanza, kwa kuwa kompyuta huifanya bila kuombwa. Hapa wenye kuichunguza lugha wana neno la kusema. Wimbo wa Kiswahili mara nyingi huanza kwa kitenzi, na kitenzi cha Kiswahili hakianzi kwa shina lake. Mtu akumbukaye kuwa wimbo ni wa kushukuru hajui kama mwandishi aliuanza kwa Tumshukuru, Nakushukuru, Nitamshukuru au Mshukuruni; nayo maneno hayo manne yametawanyika chini ya herufi T, N na M, wala hakuna hata moja lililo chini ya S. Mambo haya watunga kamusi waliyakuta mapema. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, alikusanya maneno chini ya mashina, akamtaka msomaji ajue shina kabla ya kutafuta. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliacha majina yakae chini ya herufi zake za mwanzo, ikabakiza vitenzi chini ya mashina. Orodha ya nyimbo isiyochagua lolote kati ya hayo hujaza mamia chini ya B kwa sababu ya neno Bwana, na mengine chini ya E kwa sababu ya Ee. Dawa yake ni chombo cha kutafutia kinachokubali kipande cha neno, hata kiwe katikati, na kinachotazama kiitikio pia. Kwa maana mwimbaji hukumbuka kiitikio, si ubeti wa kwanza.

Tovuti iitwayo Swahili Music Notes, inayokusanya nyimbo za kwaya za Kikatoliki, imefuata kwa busara njia ya zamani ya siku. Nyimbo zimepangwa kwa watunzi na kwa makundi, kama Majilio, Kwaresma, Pasaka, Mama Maria, ndoa na mazishi, tena kwa Jumapili za mwaka. Na jina la mtunzi limeandikwa pamoja na la wimbo, lisiweze kuachwa pembeni. Hata hivyo ukurasa wa nota una tatizo lake. Chini ya nota neno hukatwa silabi kwa silabi, m-chu-nga-ji, na mashine haijui kwamba vipande hivyo vinne ni neno moja. Maneno yasipoandikwa upya peke yake, yakiwa mazima, hayataonekana kwa mtafutaji. Tena maneno matupu ni mepesi kuliko picha ya ukurasa, na kwa mwenye simu mahali penye mtandao hafifu huo ndio mpaka wa kupata na kukosa.

Wapigaji magitaa wanadai jambo jingine: alama za sauti za kuandamana na wimbo, wanazoziita kodi (jina ambalo mtoza ushuru angelifurahia). Zikiandikwa juu ya mstari, simu yenye kioo chembamba huukata mstari, na alama huangukia silabi isiyo yake. Mfumo wa ChordPro, uliotokea miaka ya 1990, huzitia ndani ya mstari wenyewe, mbele ya silabi inayohusika, hivi: Twa[G]rudi nyu[D]mbani. Katika Kiswahili njia hii yafaa mno, kwa kuwa mkazo hukaa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, na alama ikisogea silabi moja tu huharibu mkazo na mapigo pamoja.

Lakini herufi yenyewe haisomwi namna moja na watu wote wa Katavi. Wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo, na baadaye zaidi ya watu 150,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu wakapewa uraia wa Tanzania. Mtu aliyefunzwa muziki kwa mapokeo ya Kifaransa, kama yalivyokuwa Burundi na ng'ambo ya ziwa katika Kongo, hujua do kuwa sauti moja isiyohama, ile ambayo Waingereza huiita C. Kwa mwimbaji wa solfa, d ni sauti ya nyumbani, popote wimbo uanzishwapo. Na kwa mpiga gitaa, D kubwa si do kabisa. Ni ile ambayo jirani yake huiita re. Curwen aliuona mtego huu, akaagiza kila wimbo uandikwe juu yake kwamba do ni G, au ni F, au vyovyote iwavyo. Mstari huo mfupi ndio unaowapatanisha wasomaji watatu, nao ndio wa kwanza kuachwa maneno yanapohamishwa kutoka daftari kwenda kwenye kioo cha simu. Ndipo mpiga kinanda hukisia, na soprano wakajikuta wameanzishiwa juu kuliko pumzi zao.