Herufi na Tendo: Asili ya Mikato ya Kibodi katika Programu ya dmenu

Kila anayetafsiri istilahi za kompyuta hukabiliwa na swali hili: je, herufi zinazobonyezwa pamoja na kitufe cha Ctrl ili kuhariri maandishi nazo zitafsiriwe? Katika makala haya tutajaribu kulijibu kwa kuchunguza historia ya mikato ya kibodi ya programu moja ndogo, dmenu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2006.

Programu hii huonyesha mstari mmoja ukingoni mwa skrini. Mtumiaji huchapa herufi chache, orodha ya majina hupungua, naye huchagua kwa kitufe cha Ingiza. Mikato yake ya kuhariri haikubuniwa upya, bali ilichukuliwa kutoka katika mazoea ya aina tatu.

Asili ya kwanza ni hesabu. Katika kiwango cha ASCII, kilichotangazwa Marekani mwaka 1963, alama 32 za mwanzo si herufi bali ni amri. Ctrl ikibonyezwa pamoja na herufi hutoa amri yenye namba ya herufi hiyo katika alfabeti ya Kirumi. H ni ya 8, nayo ni amri ya kurudi nyuma. J ni ya 10, mstari mpya. M ni ya 13, kurudi mwanzo wa mstari. Ndiyo maana katika dmenu Ctrl-H hufuta herufi iliyotangulia, na Ctrl-J na Ctrl-M hufanya kazi ya Ingiza. Hapa hakuna ufupisho wa neno lolote la Kiingereza.

Asili ya pili ni kihariri cha Emacs, kilichoanzia MIT mwaka 1976. Humo zimetoka Ctrl-A ya kwenda mwanzo wa mstari, Ctrl-E ya mwisho, Ctrl-K ya kufuta hadi mwisho, na Ctrl-N na Ctrl-P za kwenda mbele na kurudi katika orodha. Isipokuwa A, herufi hizi ni vifupisho vya maneno ya Kiingereza.

Asili ya tatu ni mazoea ya mfumo wa Unix: Ctrl-U hufuta yote yaliyo kushoto mwa kielekezi, na Ctrl-W hufuta neno moja. Katika Emacs herufi hizo zina kazi nyingine. Lakini kwa kughairi, dmenu hukubali Ctrl-C ya Unix na Ctrl-G ya Emacs pia.

Hapo ndipo mtafsiri anapopata mtego. Msomaji wa Kiswahili atadhani N ni ya "nyuma", kumbe hupeleka mbele. Hatari zaidi ni Y, ifupishayo neno la Kiingereza lenye maana ya kunyofoa. Katika kihariri cha vi, cha mwaka 1976 vilevile, neno hilo huitwa tendo la kunakili. Katika Emacs, na pia katika dmenu, Ctrl-Y hubandika. Tukitafsiri neno, tutakuwa na istilahi moja kwa matendo mawili yanayopingana.

Je, tubadili herufi zenyewe? Katika Microsoft Word ya Kihispania, Ctrl-G huhifadhi waraka na Ctrl-N hutoa herufi nzito, kwa kufuata maneno ya Kihispania. Lakini mtumiaji huyo akikaa mbele ya toleo la Kiingereza na kubonyeza Ctrl-N, hufungua waraka mpya.

Kwa hiyo basi, maoni yetu ni kwamba herufi ziachwe kama zilivyo, kwani ni mali ya vidole, na nyingine ni namba tu. Kazi ya mwanaistilahi ni kulitaja tendo kwa ukamilifu: "futa hadi mwisho wa mstari", wala si "ua"; "bandika", wala si "nyofoa". Istilahi ya namna hiyo itamfaa mtumiaji hata programu ikibadilisha herufi zake.