Kuzunguka Ziwa Letu kwa Baiskeli: Historia ya Njia Tuliyoizoea



Kamati imeniomba niandike ukurasa wa historia kwa sababu mimi ndiye ninayeshika vitabu vya hesabu vya chama chetu, na wanasema mhasibu hasahau tarehe. Mwaka huu harambee yetu itaanza kwa safari ya baiskeli ya familia kando ya Ziwa Naivasha. Kabla hujampandisha mtoto wako baiskeli, ni vyema ajue anapita wapi.

Tuanze na jina. Naivasha limetokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, yaani maji yanayochafuka. Aliyekulia hapa hahitaji kuelezwa. Asubuhi ziwa limetulia, lakini mchana upepo ukishuka bondeni, mawimbi huinuka na wavuvi hurudi pwani. Ndiyo maana tutaondoka saa moja asubuhi.

Kando hizi zilikuwa malisho na manywesheo ya ng'ombe wa Wamaasai. Reli ya kwenda Kisumu, iliyofika huko mwaka 1901, ilipita hapa kwetu. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilifanya mkataba na Wamaasai wahamie Laikipia na upande wa kusini, na ardhi ya bondeni ikagawiwa walowezi. Hapo ndipo nyua zilipoanza kulizunguka ziwa.

Lakini ziwa halikukubali kuwekewa mpaka. Maji hupanda na kushuka kwa miaka mingi. Yaliporudi nyuma, wenye mashamba waliruhusiwa kutumia ardhi iliyobaki wazi, ingawa haikuwa yao. Yakipanda, ziwa linachukua chake. Kwa lugha ya kazi yangu, ardhi ile ilikuwa mkopo, si mali.

Baadaye yakaja mambo mengine. Mwaka 1949 na 1950 ndege kubwa za kutua majini zilitoka Uingereza na kushukia ziwani kwetu, abiria wakapelekwa Nairobi kwa barabara. Kamba wekundu kutoka Amerika waliingizwa mwaka 1970. Miaka hiyo ya 1970 ndipo mashamba ya maua yalipoanza, na watu wakaja kutoka kila pembe ya Kenya kutafuta kazi. Ndiyo sababu leo tunaandikiana kwa Kiswahili. Wengi wetu tusomao kijitabu hiki ni watoto wa wageni wale.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na Black Mamba, na kila alfajiri aliendesha kwenye barabara ya kusini mwa ziwa kwenda shambani. Jumapili alinikalisha kwenye karia, tukaenda kutazama viboko. Tulikuwa na kijia chetu kilichoshuka katikati ya mafunjo hadi majini. Siku moja nikiwa darasa la sita tulikuta waya umepita hapo, na mlinzi ambaye hakutujua. Baba hakubishana. Aligeuza baiskeli, na njiani hakusema neno. Tangu siku hiyo tuliliona ziwa kwa mbali tu, kupitia kwenye ua wa miti.

Nimeeleza hayo kwa sababu mzunguko mzima wa ziwa ni takriban kilomita 70, na mtu anaweza kuumaliza bila kugusa maji hata mara moja. Njia za umma za kuteremkia ziwani ni chache. Karagita na Kamere ni miongoni mwa zile ambazo mwananchi wa kawaida bado anafika.

Sasa kuhusu safari yenyewe. Mzunguko wote si wa watoto, na lami ya kusini ina mabasi ya wafanyakazi na malori mengi. Kwa hiyo wakubwa wataendesha kutoka mjini hadi njiapanda ya Hell's Gate, na watoto watapelekwa kwa matatu hadi lango la Elsa. Kutoka hapo tutakwenda pamoja. Hell's Gate, iliyofanywa mbuga ya taifa mwaka 1984, ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo unaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli. Njia ni pana, haina milima, na pundamilia na swala hula majani karibu nayo. Kutoka langoni hadi kwenye korongo ni kama kilomita 8. Mtoto wa miaka minane anaifikia, akipewa maji na muda wa kupumzika.

Waonyesheni watoto lile korongo. Zamani sana, ziwa lilipokuwa kubwa mara nyingi kuliko sasa, maji yake yalitokea hapo kuelekea kusini. Leo ziwa halina mto unaotoka. Maji hupenya chini ya ardhi, na hiyo ni sababu mojawapo ya maji yake kuwa baridi wakati maziwa mengi ya Bonde la Ufa ni ya magadi.

Mwaka 2020 ziwa lilidai tena chake. Maji yaliingia Kihoto, nyumba zikazama hadi madirishani, familia zikahama, na viboko wakatembea palipokuwa uani. Kati yetu wako waliopoteza kila kitu. Walijenga pale kwa sababu hakuna aliyewaonyesha ziwa liliwahi kufika wapi.

Kwa hiyo fedha za mwaka huu zina kazi mbili. Kwanza, kuweka nguzo za alama kwenye njia moja ya umma ya kuteremkia ziwani, zionyeshe njia ni ya wote na maji yaliwahi kufika wapi, pamoja na choo na kivuli hapo. Pili, karo za watoto wa familia zilizohamishwa na maji. Kila shilingi itaingizwa kitabuni, na hesabu zitasomwa mbele yenu kwenye mkutano mkuu.

Mlioko Nairobi, Mombasa na ng'ambo, mkishindwa kuja, lipieni baiskeli ya mtoto mmoja wa nyumbani. Mnaokuja, pakieni maji, kofia na watoto. Mimi nitakuja na binti yangu. Baiskeli yake ina karia, ingawa anasema hatanibeba.