Sahani ya mpagazi, kiti cha karani: Historia ya mlo wetu Thika na Ruiru

WIKI jana niliposhuka matatu mjini Ruiru, kijana mmoja mwenye kitoroli cha chuma aliniita. "Mzee wangu, nikupasulie moja?" Mkono mmoja ulishika kisu, wa pili smoki, na mbele yake palikuwa na bakuli la kachumbari. Nilimshukuru, nikamwambia daktari amenikataza. Alinitazama toka utosini hadi unyayoni, kisha akacheka. "Daktari gani huyo, na vile umekonda?"

Maneno hayo, "vile umekonda," ndiyo yaliyozaa makala haya. Mwaka jana, katika kliniki moja mjini Thika, muuguzi alinipandisha kwenye mizani, akasoma kilo 96, akanipima sukari ya damu, halafu akaniambia wazi kwamba nisipopunguza uzani nitaingia miaka ya sabini nikiwa na kisukari. Tangu hapo nimepunguza kilo 11. Nilitarajia pongezi. Nimepewa pole. Dada yangu alinivuta kando katika mazishi ya jirani, akaninong'oneza: "Kwani uko mgonjwa na hutaki kutuambia?"

Kwa nini masikioni mwetu neno kukonda halisikiki ila kama habari mbaya? Na kwa nini tunakula kiasi tunachokula? Majibu ya maswali haya yamehifadhiwa ndani ya maneno tunayotumia mezani kila siku.

Tuanze na posho. Katika karne ya 19, misafara ya biashara iliyotoka pwani kwenda bara ilitegemea wapagazi. Mpagazi alikuwa na ujira wake, lakini pia alipewa posho, yaani chakula cha kumvusha siku, mara nyingi kibaba cha nafaka. Walowezi walipofika, neno hili liliwafuata mashambani. Reli ilifika Thika mwaka wa 1913, na mashamba ya kahawa na mkonge yakatanda eneo hili. Kibarua alilipwa fedha kidogo pamoja na posho ya unga wa mahindi, mara nyingi ratili mbili kwa siku, yaani karibu kilo moja.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliongeza kasi. Maelfu kwa maelfu ya vijana walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, wale waliotuachia jina la Kariakor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Walilishwa unga wa mahindi, na wengi walikufa kwa kuhara kwa sababu haukupikwa ukaiva. Waliosalimika walirudi wakiwa wameuzoea. Polepole mwere na wimbi vikasukumwa pembeni, na mahindi meupe yakatawala.

Leo neno posho limegawanyika mara tatu. Kwa Mtanzania, posho ni marupurupu ya kikao. Kwa Mganda ni ugali wenyewe. Kwetu Kenya limesalia zaidi katika jina la mashine ya kusagia, posho mill. Lakini hata pale tulipolisahau neno, kipimo chake hatukukisahau. Ratili mbili za unga zilikuwa za mtu aliyelima tangu alfajiri hadi jua kutua, kisha akatembea kwa miguu kurudi kambini. Mjukuu wake leo anaketi ndani ya matatu kutoka Thika hadi Nairobi, anaketi ofisini, anaketi tena jioni akirudi, kisha anapakuliwa mlima wa ugali. Sahani ni ya mpagazi, kiti ni cha karani.

Tutazame sasa kiamshakinywa. Wazazi wetu huku walianza siku kwa uji (ucuru, kwa Kikuyu), ngwaci au nduma. Mkate wa ngano ulikuja baadaye. Ngano ililimwa na Lord Delamere kule Njoro, na mwaka wa 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga iliyoitwa Unga Limited. Hapa mwanafunzi wa lugha atagundua jambo. Mswahili wa pwani alikuwa na mikate yake tangu hapo: mkate wa kumimina, mkate wa sinia, mkate wa ufuta, mkate wa mofa. Neno hilo lilipopanda bara, maana yake ilifinyika. Ukimwambia mtoto wa Thika alete mkate, ataleta ule wa kiwandani uliofungwa kwenye karatasi ya plastiki, pengine wa Broadways uliookwa papo hapo mjini. Tukaongeza slesi, kutokana na Kiingereza. Na desturi ya muuza duka kukata mkate katikati kwa asiyemudu mzima ikatupa msemo wa kisiasa: serikali ya muungano iliyoundwa mwaka wa 2008 tuliiita ya nusu mkate.

Slesi mbili zikibanwa pamoja na kitu katikati, tunapata sandwichi. Jina hilo linatokana na mkabaila wa Uingereza, John Montagu, aliyekuwa na cheo cha Earl wa Sandwich. Limeonekana katika maandishi tangu mwaka wa 1762. Masimulizi yanadai kwamba hakutaka kuondoka kwenye meza ya kamari ili ale, akaagiza nyama ndani ya mkate. Yawe kweli yasiwe kweli, yanatufunza kwamba sandwichi ni chakula cha mtu ambaye mikono yake ina shughuli nyingine.

Kwa maana hiyo, smoki pasua ni sandwichi yetu halisi. Kampuni ya Farmer's Choice, iliyoanzishwa mwaka wa 1980, iko Kahawa West, si mbali na Ruiru. Soseji zake za kuvutwa moshi zimekuwa mlo wa abiria anayekimbilia gari na wa kibarua anayeingia zamu. Ikiviringwa ndani ya chapati, inaitwa chapo smoki. Waganda nao wana rolex, mayai ndani ya chapati, jina ambalo ni matamshi ya haraka ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringwa. Walimu wa sarufi watalalamika kwamba "mayai pasua" yalipaswa kuwa "mayai yaliyopasuliwa." Ni kweli. Lakini muuzaji anayengojewa na matatu hana muda wa kirejeshi.

Turudi kwenye kukonda. Jamii hukumbuka njaa kwa kuipa jina. Wakikuyu waliita njaa kuu ya mwishoni mwa karne ya 19 Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, kwa kuwa ilifika pamoja na wageni. Wa rika langu tunaikumbuka ile ya 1984, tulipokula mahindi ya manjano yaliyoagizwa kutoka ng'ambo. Kwa watu waliopitia hayo, kunenepa kulikuwa ushahidi wa amani na mavuno. Ndiyo maana hadi leo tunasema "maisha yamekukubali" tukimwona mtu mwenye kitambi. Kisha ukaja Ukimwi. Mwaka wa 1985 madaktari waliandika kuhusu ugonjwa ambao wanavijiji wa Rakai, Uganda, waliuita Slim, yaani wembamba. Tangu hapo, kukonda kukawa si njaa tu bali pia aibu na minong'ono.

Maneno haya yangali na nguvu ilhali hali imegeuka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa na uzani uliopita kiasi. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5. Adui wa leo hapigi hodi kwa mbavu zilizochomoza.

Nina rafiki tuliyefundisha naye miaka mingi. Alipoambiwa ana kisukari alianza kujinyima, akapungua. Kila alikokwenda aliulizwa ana nini. Mkewe aliulizwa sokoni kama hampikii. Alichoka, akarudia sahani yake ya zamani ili watu wanyamaze. Walinyamaza. Leo anatembelea magongo, kwa kuwa mguu wake mmoja umekatwa chini ya goti. Sisemi kwamba neno lilimkata mguu. Nasema lilimfunga mdomo daktari wake.

Sidai tuache ugali wala smoki. Mimi mwenyewe asubuhi nala slesi moja, yai na avokado nusu, na siku nyingine nduma. Ninachoomba ni kwamba tupime chakula kwa kazi tunayoifanya sisi, si kwa kazi waliyoifanya babu zetu. Na ukikutana na mtu aliyepungua, usianze na pole. Mwulize kwanza, "Umeamkaje?" kisha umsikilize. Huenda ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mingi anapanda ngazi bila kuhema.