Hati Iliyonunuliwa



Katika sura ya tano ya Injili ya Mathayo, Bwana wetu anawakataza wafuasi wake kuapa, naye anataka wawe watu ambao neno lao peke yake latosha. Fundisho hilo ni fupi, nasi tumelisikia tangu tukiwa wakatekumeni. Lakini maisha hayakawii kutuuliza maswali magumu. Je, tukisema uongo ili kuokoa maisha ya mtu? Je, tukitia sahihi jambo lisilo kweli ili watoto wetu wasiteseke? Leo tutazame jinsi waliotutangulia katika imani, hapa hapa barani Afrika, walivyokutana na maswali hayo.

Tuanzie Karthago, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo. Mwaka 250 ilifika huko amri ya Kaisari Decius iliyowataka watu wa dola yote ya Roma kuitolea miungu sadaka. Kila aliyetoa alipewa hati yenye sahihi za mashahidi. Hati za namna hiyo zaidi ya arobaini zimepatikana katika mchanga wa Misri, nazo zinafanana sana. Mtu anataja jina lake na kijiji chake. Anasema kwamba sikuzote ameitolea miungu sadaka, na kwamba sasa, mbele ya wakuu, amemimina kinywaji na kuonja nyama ya sadaka. Kisha anaomba athibitishiwe.

Wakristo wakagawanyika. Wapo waliokataa, wakatiwa gerezani, na baadhi yao wakafa. Wapo waliokimbilia madhabahu za miungu hata kabla ya kuitwa. Tena lilikuwepo kundi la tatu, na hilo ndilo linalotuhusu zaidi. Hao hawakutoa sadaka. Walikwenda kwa mkuu, au walimtuma mtu, wakalipa fedha, wakapewa hati isemayo kwamba wametoa. Kwa Kilatini waliitwa libellatici, yaani watu wa hati. Walijitetea hivi: tulijua kwamba kuabudu sanamu ni dhambi, ndiyo maana tukatoa fedha ili tusiabudu. Mikono yetu ni safi. Kilichochafuka ni karatasi tu.

Askofu wa Karthago wakati ule alikuwa Mtakatifu Sipriani. Yeye mwenyewe alikuwa amejificha, akiliongoza kundi lake kwa barua, na wengine walimlaumu kwa hilo. Lakini Sipriani aliona tofauti kubwa kati ya kujificha na kudanganya. Anayejificha ameacha nyumba yake na mali yake, wala hajaikana imani. Anayenunua hati amebaki na nyumba na mali, na imani yake ameikana kwa maandishi. Mikono haikugusa nyama ya sanamu, lakini dhamiri imeguswa.

Hata hivyo, tusidhani kwamba Kanisa liliwafungia mlango watu hao. Mwaka 251 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago. Wapo waliotaka wote wapokelewe siku hiyo hiyo, kana kwamba halikutokea neno. Wapo, hasa huko Roma pamoja na padre Novatian, waliotaka wasipokelewe kamwe. Maaskofu hawakufuata upande wowote kati ya hizo mbili. Walipanga kila shauri lichunguzwe peke yake. Wenye hati za kununua wapokelewe baada ya kufanya toba, na wale waliotoa sadaka wafanye toba ndefu zaidi. Basi tangu zamani zile Kanisa lilishika mambo mawili kwa pamoja: uongo ulioandikwa kwa hofu ni dhambi ya kweli, na dhambi hiyo ina dawa.

Miaka sita baadaye zamu ya Sipriani ikafika. Tarehe 30 Agosti 257 alisimamishwa mbele ya liwali Paternus. Alipoulizwa habari zake, alikiri waziwazi kwamba ni Mkristo na tena ni askofu. Ndipo liwali akamtaka awataje mapadre wake. Sipriani hakusema kwamba hana mapadre, wala hakusema kwamba hawajui walipo. Alijibu kwamba sheria za Roma zenyewe zinakataza uchongezi, kwa hiyo yeye hatawafichua. Akapelekwa uhamishoni, na tarehe 14 Septemba 258 akakatwa kichwa. Tuutafakari mwenendo huo: juu ya nafsi yake alisema kweli yote, juu ya wenzake alinyamaza, na gharama ya kunyamaza akailipa mwenyewe.

Mfano wa pili tumeachiwa na Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, katika nchi inayoitwa leo Algeria. Anatusimulia habari za Firmus, askofu wa zamani wa mji huo. Mtu mmoja aliyekuwa akitafutwa alikimbilia kwake, naye akamficha. Watumishi wa Kaisari walipokuja kumwulizia, Firmus aliwajibu kwamba hawezi kusema uongo, wala hawezi kumtoa mtu yule. Wakamtesa sana, naye hakuligeuza neno lake. Mwisho akapelekwa mbele ya Kaisari, na Kaisari, ingawa alikuwa mpagani, alistaajabia uthabiti wake hata akamsamehe yule aliyefichwa.

Augustino aliandika vitabu viwili juu ya uongo, cha kwanza yapata mwaka 395 na cha pili yapata mwaka 420. Kwake mwongo ni mtu mwenye mioyo miwili: ana jambo moja moyoni, na kwa kusudi la kudanganya analeta jingine mdomoni. Aliyakusanya mafungu manane ya uongo, akaanza na ule ulio mbaya kuliko yote, yaani uongo katika kufundisha dini. Makatekista, hapo tusikilize vizuri. Augustino aliona kwamba anayefundisha imani akizoeleka kuwa husema uongo kwa nia njema, msikilizaji hatajua tena ni lini anaambiwa kweli. Atajuaje kwamba habari ya ufufuko haikusemwa kwa nia njema tu?

Ni haki tuseme pia kwamba si waalimu wote wa zamani waliokubaliana na ukali huo. Yohane Cassian, mmonaki wa siku zile zile, aliulinganisha uongo na dawa yenye sumu, isiyonywewa ila pale ugonjwa unapotishia kuua. Mjadala huo haujawa mdogo hata karibuni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ilipotolewa mwaka 1992, ilieleza kwamba kusema uongo ni kumpotosha mtu mwenye haki ya kuujua ukweli. Katika toleo rasmi la Kilatini la mwaka 1997 maneno yale ya haki ya kuujua ukweli yaliondolewa katika maelezo hayo, maana yangeweza kufungua mlango mpana mno. Lakini Katekisimu inaendelea kufundisha kwamba hatulazimiki kuufunua ukweli kwa mtu asiye na haki ya kuujua. Hiyo ndiyo njia ya Firmus: kunyamaza kunaruhusiwa, na mara nyingine ni wajibu, kudanganya ni jambo jingine.

Mbegu iliyopandwa kaskazini mwa bara letu ilichipua tena kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1886, katika ufalme wa Buganda, kijana Mbaga Tuzinde alihukumiwa pamoja na Karoli Lwanga na wenzake. Mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa ndugu yake na mlezi wake, naye alimsihi aseme tu kwamba hatasali tena, ili apate kumponya. Neno moja tu, mbele ya mtu anayempenda! Mbaga hakulisema. Aliuawa Namugongo tarehe 3 Juni. Baba Mtakatifu Paulo VI alipowatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwaunganisha kwa haki na Sipriani na Augustino, mashahidi na waalimu wa Afrika ya kale.

Sisi hatuitwi mbele ya liwali wala mbele ya Mukajanga. Lakini hati za kununuliwa zingalipo. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma nchini Tanzania ulitoa majina 9,932 ya waliodaiwa kuwa na vyeti vya kughushi. Wala tusiwanyoshee vidole wengine. Katika vigango vyetu katekista huombwa na jirani amwandikie mtoto kwamba amehudhuria mafundisho, ilhali hakuhudhuria. Kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo huombwa athibitishe kwamba fulani hana kizuizi cha ndoa, huku akijua kwamba ana mke kijijini. Anayeomba si mtu mbaya. Ana haraka, ana haya, ana shida ya kweli. Husema, ni karatasi tu. Hivyo ndivyo walivyosema watu wa Karthago.

Basi tujiulize swali moja: gharama ya neno hili ataibeba nani? Mwenye kudanganya humtwika mwingine mzigo: yule mke wa kijijini, yule mtoto anayepokea sakramenti asiyoielewa, yule mgonjwa anayetibiwa na asiyesomea utabibu. Msema kweli huubeba mwenyewe. Atachukiwa na jirani kwa muda, labda atakosa kazi, labda hataalikwa harusini. Kwa hiyo ukweli wa Kikristo ni tendo la mapendo kabla ya kuwa suala la maneno. Wala ukweli huo hautudai tuwe wachongezi, maana anayetangaza siri za jirani hamfuati Sipriani.

Na kama miongoni mwetu yupo mwenye hati yake iliyonunuliwa, aliyoificha sandukuni kwa miaka mingi, asikate tamaa. Maaskofu wa mwaka 251 walimwekea njia: aje, aseme, afanye toba, apokelewe. Mlango ule haujafungwa hata leo.

Mungu, aliye kweli yote, atujalie moyo mmoja na neno moja. Amina.